Plagi ya Hita

Asubuhi baada ya mazishi, Mama Elisante alifungua gereji ili awalishe samaki wa marehemu mwanawe.

Waombolezaji walikuwa bado wamelala kwenye mikeka, kati ya matangi ya vioo ambayo Elisante aliyaunganisha mwenyewe walipohamia nyumba hii ya kupanga. Siku alipowasha hita ya maji alimwambia, "Mama, baridi ya Lushoto itawaua hawa. Plagi hii isichomolewe, hata kama mimi sipo."

Alitia kidole majini. Maji yalikuwa baridi kama ya mtoni. Samaki walielea kiubavu, rangi zao bado zinang'aa.

Akaufuata waya kwa macho hadi ukutani. Plagi ilikuwa sakafuni. Kwenye soketi ilichomekwa chaja ya simu.

Mtoto wa mdogo wake, aliyetoka Mtae kuja kuchimba kaburi, aliamka akaketi. Kucha zake zilikuwa bado na udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama mkubwa. Hivi simu yangu imejaa?"

Mama alivua kanga ya mabegani, akalifunika tangi nayo.

"Marahaba, mwanangu. Imejaa."