Nyumba Yenye Kila Kitu

Ufunguo uligeuka kwenye mlango wa mbele, na mshonaji akaacha vyombo alivyokuwa anaosha. Ufunguo wa mlango ule yeye na mumewe hawakupewa. "Umepotea," dalali alikuwa amesema, "tumieni wa nyuma tu."

Baba watoto hakuwapo. Alikuwa amefuata magodoro kwenye chumba chao cha zamani, ambacho nacho kilishapata mpangaji mwingine. Basi mama wa watu akawazoa wanawe wawili, akajitoma nao stoo, akakaza komeo. Simu akaisahau jikoni.

"Mama, ni nani?" binti yake akanong'ona.

"Nyamaza, mwanangu."

Na kusema kweli, tangu wahamie asubuhi ile roho yake ilikuwa haitulii. Nyumba kubwa namna ile, sebule ya kukimbizana, madirisha yanaitazama bahari, makochi na jokofu humo humo, halafu kodi ya bei chee? Bafuni alikuta taulo bichi. Maziwa ya kwenye jokofu hayakuwa yameharibika hata kidogo. Akampigia dalali.

Dalali akacheka. "Dada yangu, una wasiwasi kama kuku mgeni. Wenyewe wamehamia ng'ambo ghafla. Vitu vyao vifunge mifukoni, nitapita kuvichukua. Na majirani msiwazoee, wana midomo."

Akavifunga: nguo, sahani, redio, viatu vya watoto. Mifuko akaipanga kwenye ukumbi, karibu na mlango wa nyuma. Hofu alikuwa nayo, lakini nyumba alishaipenda, na pa kurudi hapakuwapo.

Sasa nyayo zilikuwa ukumbini. Zilikuja polepole, bila kugonga kiti wala kupapasa ukuta, nyayo za mtu aijuaye njia. Zilipofika kwenye mifuko zikasimama. Zip ikafunguliwa.

Kisha zikaja hadi stoo. Kitasa kikashuka, kikapanda.

Mshonaji alishika fagio kwa mikono miwili. Yule mdogo alikuwa ameng'ata gauni la mama yake ili asilie, maskini, na joto la mkojo wake likamshuka mama mguuni. Hapo akashindwa kuvumilia.

"Kaka yangu," akasema kupitia mlangoni, "chukua chochote utakacho. Cherehani yangu iko sebuleni, nzima kabisa. Niachie watoto wangu tu."

Nyayo zikarudi nyuma mbio. Kitu kizito kikaburutwa sakafuni, kikaja kubamizwa mlangoni kwa nje, na kingine juu yake. Walikuwa wamefungiwa. Mshonaji akawakumbatia wanawe, akaanza kumwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio.

Nje ya mlango mwanamume alikuwa anahema. Alipozungumza, alizungumza kwenye simu.

"Afande, fanyeni haraka. Tumerudi safari sasa hivi, tumekuta watu ndani ya nyumba yetu. Nimewafungia stoo."

Na kutoka uani mtoto mdogo akalia, "Baba, toka humo. Watakuua."