Valvu ya Tatu

Fundi Kibwana alipanga mezani valvu tatu, taa ndogo za kioo alizozichomoa kwenye redio za magari ya zamani. Hizo tu ndizo zinazoridhika na umeme hafifu wa betri. Za redio za nyumbani zingebaki bubu. Ndaro, mpiga gitaa, alitaka kikanyagio cha kuikwaruza sauti ya gitaa lake. Akafumba macho ili achague kwa sikio, huku fundi akizichomeka moja moja kwenye kikanyagio naye akipiga gitaa.

Ya kwanza ililia kama mbu. Ya pili ilinguruma, lakini bila uchungu. Ya tatu ilipopata moto, uzi mmoja wa gitaa ulitoa sauti ya mtu anayejikaza asilie.

"Hiyo," alisema Ndaro.

"Chukua ya pili, mzee wangu."

"Kwa nini?"

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na mafuta.

"Hiyo ilitoka kwenye gari la mwanao. Walipomtoa korongoni, redio ilikuwa ikiimba bado. Nilidhani hutaichagua."

Ndaro alifumbua macho. Aliichomoa valvu, nayo ikamuunguza vidole. Akaifumbata kiganjani.