Kambale wa Nyani

Jumamosi asubuhi Nyani, ambaye huvua kwa kujifurahisha tu, alinasa kambale mkubwa akiwa mtumbwini katikati ya ziwa. Alimtoa ndoano mdomoni, akampigia kelele ndege Kwarara aliyekuwa ufukweni.

"Jirani, shuhudia! Leo hamtaniita mwongo!"

"Mbona mimi naona dagaa tu?" Kwarara alicheka.

Kambale alijua kwamba mwisho wake ni kikaangoni. Alisema kwa upole, "Bwana Nyani, umenikumbatia kifuani mno. Ninyooshe mbele, nje ya mtumbwi, nionekane mkubwa."

"Kumbe una akili," Nyani alisema, akanyoosha mikono yote miwili juu ya maji.

Kambale alijipinda, akaponyoka, akazama.

Kwarara aliporuka hadi mtumbwini, alimkuta Nyani ametanua mikono mitupu, akionyesha urefu wa samaki.