Kijiji D

Pelagia alikuwa akimpigia daktari taipu makala ya ugonjwa wa malale, nakala tatu kwa kaboni. Jarida la Ulaya, kwa adabu zake, halikutaka majina ya vijiji. Kwenye daftari, Mwambali ilikuwa imekatwa kwa penseli, ikaandikwa D.

“Kijiji D,” daktari alimsomea. “Mbung'o mia. Waliobeba vimelea vya malale, thelathini.”

Kidole cha Pelagia, cheusi kwa kaboni, kikaganda hewani.

“Daktari, si ndiko wanakohamishiwa watu wa kwetu Itetemia leo?”

“Serikali itasoma jarida likitoka, mwakani. Piga, binti yangu.”

Nje malori ya Operesheni ya kuhamisha watu yakapita yakipiga honi. Juu ya lori la mwisho mama yake, amekumbatia kinu, alimpungia mkono huku akicheka.