Majogoo Wawili wa Otilia

Kuku wa nne alikufa Jumanne ya Juma Kuu, mdomo wazi, miguu juu, mlangoni mwa banda. Veturia alimwokota kwa mfuko wa nailoni. Kwenye kizimba cha pembeni, majogoo wawili wageni walikuwa wakiwika kwa raha zao kana kwamba hapakuwa na msiba.

Aliogopa, tena aliogopa kweli. Marehemu mama yake alikuwa na usemi: ua likiisha kuku, mwenye ua anafuata. Na mwaka ule mama alipozikwa, banda lilikuwa limebaki tupu tangu wiki moja kabla. Veturia alikuwa na miaka sabini na minane, na kifo kilikuwa bado hakijampendeza hata kidogo.

Kabla ya wageni hao alikuwa na kuku tisa wazima, ukimhesabu na jogoo mzee chongo. Aliyewaleta majogoo ni Otilia, binti wa marehemu kaka yake. Vuli iliyopita wawili hao walikwenda kwa mwanasheria kutia sahihi: Otilia atamtunza shangazi yake mpaka afumbe macho, na baada ya hapo nyumba ni ya Otilia. Basi wiki mbili kabla ya Pasaka akashuka kwenye basi la mjini Sibiu, mkono mmoja majogoo waliofungwa miguu, mkono wa pili sufuria ya supu ya nyama.

"Shangazi, jogoo wako huyo kazi hawezi tena. Na wewe umekonda. Kula hii."

"Mwanangu, ni Kwaresima, nyama ni mwiko."

"Mungu atamhesabia bibi kizee vijiko vya supu?" Machozi yakamlengalenga Otilia. "Au sema tu hupendi mapishi yangu."

Mtoto wa mjini, mfungo ataujulia wapi? Tangu siku hiyo Veturia akawa anapokea sufuria na kushukuru. Na Otilia akawa anakuja kila baada ya siku moja, bila kukosa.

Majogoo aliwafungia peke yao, kama mama yake alivyomfundisha. Wageni na wenyeji watazamane kwanza kwenye wavu wiki mbili, la sivyo ni damu. Humo kizimbani walipata mahindi makavu na maji, basi.

"Mambo mazuri mtayaonja mkishazoeana," aliwaambia.

Siku ya tatu kuku wa kwanza akaanguka. Halafu wa pili, wa tatu, na sasa huyu.

Jirani yake, mzee Pantelimon, akaja kuegemea ua. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wako wamekuja mwenyeji afe!" Alipouona uso wa Veturia akaacha utani. "Wameleta ugonjwa, mama. Wao wenyewe hauwadhuru, wanaubeba tu. Wachinje."

"Zawadi ya Otilia?"

"Sasa unangoja nini? Wakumalizie?"

Aliwachinja mchana huohuo, akawazika chini ya mti wa plamu na ndoo nzima ya chokaa juu yao. Akasugua banda, akabadilisha maji, akachoma majani makavu mpaka macho yakamwasha. Alhamisi Kuu akakuta wawili wamekufa.

Loo! Hapo hofu ikamshika barabara. Majogoo hawapo, kifo kipo. Akawa anahesabu kuku kabla hata hajanawa uso. Alimpakata yule mwekundu, aliyempenda kuliko wote, akamlilia.

"Nimewakosea nini, jamani? Mimi nakula maharagwe, ninyi mnakula nyama kama maharusi, na bado mnanifia?"

Otilia alipokuja siku hiyo alimtazama shangazi yake kwa muda.

"Unaonekana mzima, shangazi. Supu unaimaliza?"

"Hata tone halibaki, mwanangu. Lakini kuku wanakwisha."

"Achana na kuku, angalia afya yako," Otilia akasema. "Siku ya Pasaka nitaleta sufuria kubwa."

Ijumaa Kuu walikufa wawili. Jumamosi akafa yule mwekundu, na banda likawa kimya. Veturia akajua zamu yake imefika. Alioga, akavaa nguo alizojiwekea za kuzikiwa, soksi mpya na kitambaa cheusi, akajilaza na mshumaa mkononi. Hata kanisani hakwenda. Alisali, akalia, na usingizi ukamchukua.

Alizinduka kwa kengele za kanisa. Jua limejaa dirishani. Akajigusa pua. Akachezesha vidole vya miguu. Yu hai!

"Mama, umenidanganya!" alisema kwa sauti, akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Akatoka uani na nguo zake za kaburini. Pantelimon alikuwa ameegemea ua, yai jekundu la Pasaka mkononi. "Kristo amefufuka!"

"Kweli amefufuka," Veturia akajibu, "na mimi pia!"

Saa sita Otilia akafika na ile sufuria kubwa, bado ya moto, akaitua mezani. Yeye mwenyewe hakula, alisema ameshiba. Mara hii hakuwa na haraka ya basi. Alivuta kiti akakaa.

Veturia alichungulia nje kwa mazoea. Hakukuwa na kuku hata mmoja wa kumwagiwa supu. Wala hakukuwa na haja, mfungo umekwisha. Aliona haya kwa zile wiki mbili alizomdanganya mtoto wa watu, tena yatima. Akafanya ishara ya msalaba, akashika kijiko, na kwa mara ya kwanza akaionja supu ya Otilia.

Ilikuwa tamu, hata akaomba aongezewe.