Kabati la Paka

"Nikikwama tena chini ya sakafu, nizike hukohuko," alisema Orest, akitambaa kutoka shimoni na kichujio cha maji mkononi. Goti likagoma. Mkewe akamvuta kwa mkanda wa suruali.

"Nitakihamishia barazani, nisiiname tena."

"Barazani juzi mtungi wangu wa kabichi chachu uliganda ukapasuka. Sasa unataka na bomba lipasuke?"

"Basi wapi, mama?"

Mkewe akafungua kabati lililo pembeni ya jiko la kuni, kimo cha kiuno. Paka alikuwa amelala chali humo, tumbo wazi, na nje theluji imefika dirishani.

Orest akapenyeza kiganja chini ya paka. Ubao ulikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini.

Paka akafumbua jicho moja.

"Mwambie wewe ahame," alisema mkewe. "Mimi naogopa kucha."