Joho Jekundu

Siku ya Mashujaa, Mashavu, mfagiaji wa soko, alisimamishwa jukwaani kati ya watoto waliovalishwa kama mashujaa wa katuni. Diwani alimfunga joho jekundu shingoni kwa ncha za vidole, kisha akajipangusa kwa leso. Mashavu alihisi kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye pilau.

Mara mtoto mmoja, aliyeshindiliwa keki na soda tangu asubuhi, akatapika chini, mbele ya ngazi za jukwaa. Wakubwa wote wakaziba pua, wakamgeukia Mashavu.

"Shujaa wetu si huyu hapa!" diwani alicheka. "Mama, hebu zoa nishuke. Joho usilivue, tupate picha."

Mpigapicha akachuchumaa tayari.

Mashavu alishuka, akafungua fundo, akalitandika joho juu ya matapishi na kulinyoosha pembe taratibu, kama wanawake wa mji ule wanavyomtandikia kanga bibi harusi apite. Akasogea kando, akainama kwa adabu.

"Karibu, mheshimiwa. Pita."

Joho likaanza kulowa. Diwani, aliyekwisha kufika ngazi ya mwisho, alibaki na kiatu chake cheupe hewani, na huko nyuma ya umati mwanamke mmoja akapiga kigelegele.